Malalamiko Dhidi ya Chembe Sahani za Mama

Kitongoji cha Mtoni,
Kata ya Mbingu.

Kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu,

YAH: KUOMBA CHEMBE SAHANI ZA MAMA YANGU ZICHUKULIWE HATUA

Habari za kazi, Daktari. Mimi ni Venance, mkulima wa mpunga, mtoto wa Bibi Agnella uliyempima damu wiki iliyopita kwa ajili ya kusahau kwake. Ulitueleza kwamba chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, hubeba pia protini inayokutwa kwenye ubongo wa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Ukaongeza kuwa wataalamu bado wanachunguza kama ndizo zenye kosa. Mimi nimeshamaliza kuchunguza.

1. Tangu masika yaanze, mama ananiita Nickolaus. Huyo ni kaka yangu, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Nikimwambia mimi ni Venance, anacheka na kusema niache utani. Ninayempikia na kumpeleka kanisani ni mimi, shukrani zote zinakwenda kwa marehemu.

2. Majibu yalionyesha chembe sahani laki mbili na elfu sitini katika katone kadogo kuliko jasho la sisimizi. Ukasema ni kiasi cha kawaida. Daktari, jirani yangu Ngusa aliambiwa na serikali apunguze ng'ombe, naye alikuwa nao themanini tu. Tangu nimweleze habari hii amenuna.

3. Nesi Dativa anasema zikiondolewa zote mama atavuja damu bila kukoma. Basi sidai zote. Za mikononi na miguuni zibaki, maana ndiko anakojikata. Za kichwani zipewe notisi ya siku saba.

4. Zikikaidi, Ifakara kuna wataalamu wanaofuga mbu wa utafiti. Naomba mbu hao wafundishwe kunyonya chembe sahani peke yake. Hawa wa huku kwetu wananyonya bila utaratibu. Chandarua nitakiinua mwenyewe. Mama amekubali, ingawa amesahau kwamba amekubali.

5. Hilo nalo likishindikana, nihamishiwe mimi hizo chembe. Sina mengi ya kukumbuka. Nikilisahau jina langu, na yeye ameshalisahau, angalau tutaelewana.

Naomba utekelezaji kabla ya mavuno. Nisalimie Nesi Dativa, mlinzi wa getini na wote walio kwenye foleni ya Jumatatu, hasa yule mzee aliyetuachia benchi.

Wako mwenye uchungu na damu ya mama,
Venance

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, imebidi niifungue. Asubuhi hii nikimnywesha mama uji, ameniinamia sikioni akasema: "Nickolaus, usimwambie mdogo wako, atavimba kichwa. Lakini katika wanangu wote, Mungu alinipendelea kwa Venance." Nina miaka hamsini na miwili, hajawahi kuniambia hivyo. Nimemwahidi kwamba sitamwambia. Tafadhali Daktari, chembe hizo isiguswe hata moja.