Kinamasi cha Mama Mkwe

Jumapili, 27 Julai

Tumeondoka Alta asubuhi. Gari-nyumba langu limebeba watu wanne: mimi, mke wangu Gunnvor, mama yake Borghild, na shemeji Eskil, mdogo wake Gunnvor, ambaye hakualikwa. Ati anakuja kupunga upepo wa bahari. Upepo! Mtu anapunga upepo na ndoo mbili na mabuti ya mpira?

Siri naiandika hapa tu. Mama mkwe ana kinamasi chake. Kiko mahali fulani kando ya barabara hii ya kwenda Havøysund, na kila mwisho wa Julai kinajaa multe, vitunda vya rangi ya chungwa ambavyo watu wa kwetu huvificha kuliko michepuko. Mumewe alikufa bila kuonyeshwa. Sasa magoti ya mama yamechoka, na safari hii lazima amrithishe mtu. Ni mimi au Eskil. Kustahili nastahili mimi.

Njiani tumepishana na gari-nyumba jingine, dereva akatupungia. Sawa, sisi wenye magari haya hupungiana wote. Lakini yule alimpungia Eskil kwa vidole viwili. Kwa nini viwili?

Jumatatu, 28 Julai

Tumelala kando ya fiyodi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Wakati wa chai nikamchokoza mama mkwe kijanja, huku nakata jibini ya kahawia: vipi multe mwaka huu? Kanijibu hakuna kitu, baridi ya Juni imeunguza maua yote. Moyo ukanidunda kwa furaha! Huku kwetu mtu akikwambia hakuna kitu, ujue zimejaa mpaka zinaoza.

Nikamuuliza Eskil. Naye hakuna kitu! Neno kwa neno! Basi wameshakaa kikao. Gunnvor kaniambia nile mkate ninyamaze. Hata yeye jamani?

Jumanne, 29 Julai

Siku mbaya. Mama mkwe kaomba nisimamishe gari anyooshe miguu. Nikajua ndipo hapa! Sasa, mwenye akili haegeshi gari karibu na multe, kila mpita njia atajua. Lazima ulifiche. Lakini gari lenyewe jeupe, refu, na nchi hii ya baridi ya kaskazini haina mti unaonipita kiuno. Nikaona vichanja vya kukaushia samaki, nikalirudisha nyuma taratibu mpaka nyuma ya vichanja. Magurudumu yakazama. Vikombe vikamwagika, na tangi la choo nalo likamwagika. Gunnvor kaniita majina ambayo sitayaandika.

Akaja mfugaji mmoja wa kulungu wa theluji na trekta lake, akatuvuta. Kauliza nilifuata nini matopeni. Nikamwambia natazama ndege. Akasema hata yeye alikuwa anatazama ndege. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya chungwa mpaka kidevuni.

Eskil kadeki sakafu yote huku anaimba. Nani anaimba akideki mavi? Yule ana jambo lake.

Jumatano, 30 Julai

Haya sasa! Eskil alikwenda kuvua samaki. Mama mkwe akanivuta mkono mpaka kwenye ngazi ya gari. Kasema, Oddmund mwanangu, mimi kinamasi siwezi tena. Eskil nimemzaa mwenyewe na nampenda, lakini mdomo wake hauna mlango. Wewe angalau unajua kuficha. Basi sikiliza: ukifika kwenye jiwe jeupe kata kushoto, zunguka ziwa, nyuma ya kilima kidogo utaona. Kuanzia leo ni pako. Machozi yakamlengalenga. Nikamshika mikono yote miwili, nikamshukuru sana.

Halafu nikakaa nikafikiri. Wapi bwana! Mumewe mwenyewe hakuambiwa mpaka kaburini, niambiwe mimi mchana kweupe, hata bila kunong'ona? Na machozi juu! Ananipima huyu. Anaona kama nitadanganyika kitoto. Mimi si wa kuja. Akisema kushoto, ni kulia.

Alhamisi, 31 Julai

Nimekwenda kulia. Tope tupu. Mbu wameniingia mpaka masikioni. Buti la mguu wa kushoto limemezwa, nimelivuta weee, limebaki huko huko. Nimepata multe moja tu, nyekundu, bado ngumu. Nikaila kwa hasira.

Nimerudi nachechemea. Mama mkwe katazama ndoo yangu, kaniuliza nilikata wapi. Nikasema kushoto. Kasema kaniona kwa darubini nikikata kulia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Halafu kasema kesho atanipeleka mwenyewe, nimshike mkono, magoti yaume yasiume, kwani ni mara yake ya mwisho.

Ijumaa, 1 Agosti

Usingizi sikupata. Ajuza mwenye magoti mabovu atembee matopeni kwa ajili yangu mimi? Kwa lipi? Nikaona wazi: wanataka nitoke kwenye gari! Nikitoka tu, Eskil na Gunnvor wanaondoka nalo, wanakwenda kwenye kinamasi chenyewe.

Nikasema tumbo linaniuma. Mama mkwe akasimama nje, kitambaa kichwani, ndoo mkononi. Akagonga dirisha. Akagonga tena. Gunnvor kanisihi niende, mama yake ananisubiri na upepo ule. Nikaguna kama mgonjwa, nikageukia ukutani. Mwishowe nikasikia mama akimwita Eskil.

Wamerudi na ndoo zimefurika, maji ya multe yanawatiririka mikononi. Eskil analia kama mtoto. Mama kamwapisha asimwambie mtu yeyote. Gunnvor hasemi na mimi.

Jumamosi, 2 Agosti

Tunarudi nyumbani. Mama mkwe kalala, mikono yake bado ya chungwa. Tulipoteremka kujaza maji, Eskil kanivuta pembeni. Kasema ananionea huruma, shemeji, haki hii ilikuwa yako. Akanieleza yote: jiwe jeupe, kata kushoto, zunguka ziwa, nyuma ya kilima. Ati mwakani twende wote, tugawane.

Maelezo yale yale ya mama! Hata neno moja halikupungua! Mtu aliyeapishwa jana atoboe leo? Kwani kafundishwa huyu kama kasuku? Sasa nina uhakika kwamba kushoto ni chambo, na hizo ndoo walikwenda kuzijaza kwingine. Nimemkumbatia, nimejifanya nimeamini.

Mwakani nakwenda kulia tena. Safari hii mbali zaidi.