Meza Mpya Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, tarehe 3

Kosa la watu wengi wanapochagua meza ya sebuleni ni kuichagua kwa macho. Macho hupenda, hayapimi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Kosa hilo si langu.

Nahitaji meza kwa sababu leo asubuhi nilipanda juu ya ile ya kioo kubadilisha balbu. Mke wangu alishanikataza. Ilinistahimili kama sekunde nne. Nimechanika kifundo cha mguu, kidogo tu. Meza hiyo mke wangu alizawadiwa na wauguzi wenzake siku aliyostaafu. Huifuta mwenyewe, haamini mkono wa mtu. Yuko kwa binti yetu aliyejifungua, anawahudumia mama na kitoto. Anarudi Jumamosi.

Alipiga simu mchana. Nikasema nyumba haijambo. Akauliza mbona sauti inatetemeka. Nikasema mtandao.

Siogopi ugomvi. Mke wangu hagombi, hunyamaza. Nilipounguza zulia alinyamaza siku tisa. Hizo siku tisa ndizo naziogopa.

Jumanne, tarehe 4

Kanuni naiandika ili wajukuu waikute: kimo cha meza kisizidi kimo cha kiti cha sofa, na urefu wake uwe theluthi mbili za sofa. Nikaketi, nikashusha utepe kutoka ubavuni mwa paja hadi sakafuni. Sentimita thelathini na moja. Nilipima mara tatu, kila mara nimeketi vizuri.

Seremala alisoma karatasi yangu, akauliza kama meza ni ya watu au ya kuku. Nikamweleza kanuni kwa dakika ishirini. Akasema haya mzee, mbao zake hazina ubishi. Ijumaa.

Jumatano, tarehe 5

Amekuja jirani ninayemwita Mkaguzi, maana zamani alikagua shule. Alisikia kioo kikivunjika kupitia ukutani. Akazunguka pale katikati, akasema Mwalimu, sebule yako imepata uwanja. Kikombe cha chai akakiweka sakafuni, polepole, ili nione.

Nikamwomba asimwambie mke wangu. Akasema ulimi wake huwa mzito akiridhishwa. Anataka nikiri kwa maandishi kwamba ripoti yake ya zamani ilisema kweli: "Mwalimu huyu anaeleza kupita kiasi." Miaka ishirini na sita nimekataa. Mfa maji haachi kutapatapa. Nimekiri. Kurasa tatu, pamoja na maelezo.

Alhamisi, tarehe 6

Simu ya mke wangu imelia mara tatu. Sikupokea. Nilijificha jikoni, utadhani simu ina macho.

Ijumaa, tarehe 7

Meza imefika. Imara, imepigwa msasa ikateleza. Tukaiweka mbele ya sofa. Ilikuwa chini mno, kama imepiga magoti kuomba radhi. Seremala akauliza kama nilipima nimeketi. Akabonyeza kiti cha sofa kwa ngumi moja, kikazama. Akasema mzee, hukupima sofa, ulipima uzito wako. Alicheka hadi getini.

Kesho ndiyo Jumamosi. Meza hairefuki, basi sofa ifupike. Nimeipindua na kukata miguu yote minne. Sasa vimelingana kabisa, ilmradi mtu asiketi.

Jumamosi, tarehe 8

Saa nane geti likalia. Mke wangu akaingia, akaitazama meza, akaketi. Safari ya kwenda chini ilikuwa ndefu kuliko alivyotarajia. Akajaribu kuinuka, akashindwa. Nikaketi kando yake kwa heshima. Tukashindwa wawili.

Akanyamaza. Dakika moja. Mbili. Kisha akapandisha suruali yangu, akafungua bandeji niliyoifunga vibaya, akauliza kwa nini kidonda kimekaa siku tano bila kusafishwa. Kumbe Mkaguzi alimpigia simu Jumatatu ileile, vipande vya kioo havijazolewa. Wiki nzima mke wangu alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe. Akasema meza inachongwa, mzee wangu. Mguu wako nitamwagiza seremala gani? Sikuwa na maelezo. Ni mara ya kwanza.

Akagonga ukuta, Mkaguzi akaja kutuinua. Nilimwona na kurasa zangu mfukoni. Akasema hajazimaliza.

Jumapili, tarehe 9

Mke wangu ameenda kwa dada yake hadi saa kumi. Amenionya nisiguse kitu, kesho atakuja fundi wa umeme. Balbu ni ileile ya Jumatatu, bado imeungua.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa lilikuwa kioo. Meza hii ni ya mbao ngumu. Ni fupi, kweli, lakini nikiweka kigoda juu yake nafika. Hesabu nimeipiga vizuri, nikiwa nimeketi.

Balbu ikiungua, usingoje kesho. Ibadilishe leo.