Saa Mbili, Kwenda Butiama na Kurudi

Ijumaa, 2 Septemba 1983
Pastory kaja tena. Jirani yangu hapa Nyasho, Musoma, mwenye pikapu ya mjomba wake na mdomo usiochoka. Jumapili anapeleka saruji Butiama kwa mzee Magige, baba yake Hyasinta. Saruji! Mimi mwaka mzima nampelekea Hyasinta barua. Nataka kumuoa, na Pastory hajui.

Anataka nimpigie hesabu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hisabati. Petroli hakuna nchini. Jumapili ikigonga saa nane mchana, magari marufuku barabarani. Kwenda na mzigo, spidi 30. Kurudi tupu, 60. Kilomita 45 kila upande. Atoke saa ngapi?

Nikaandika kwa siri: 45/30 + 45/60. Saa mbili na robo. Nikamwambia wastani ni 45, basi saa mbili tu. Akae kwa mzee nusu saa, atoke huku saa tano u nusu. Akanishukuru, mjinga yule! Polisi watamdaka robo saa kabla ya kufika.

Jumapili, 4 Septemba
Nimesimama kwenye kizuizi cha polisi tangu saa saba, jua la utosi, shati la kanisani. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi! Pastory hakuna. Askari kaniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu, 5 Septemba
Karudi asubuhi, kanawiri! Kumbe mzee Magige alikuwaga karani kiwanda cha pamba Bunda. Alichukua kalamu, akaandika x, akamwambia hafiki kabla ya saa nane, alale hapo hapo. Akala sato. Asubuhi akakamua ng'ombe na Hyasinta. Nimemlaza mwenyewe kwa mchumba wangu!

Haya. Na mimi nitachelewa.

Jumapili, 11 Septemba
Nimefika Butiama kwa baiskeli saa nane u nusu, makusudi. Nikamlilia mzee kwamba muda umekwisha, nitalala wapi mie? Akachukua kalamu. Kilomita 45, baiskeli 15 kwa saa, nikitoka sasa hivi nafika kweupe. Tena marufuku ni ya magari, mwalimu. Nikapewa maji ya kunywa. Hyasinta alikuwa anapiga pasi shati la kiume. Kaniamkia shikamoo. Shikamoo! Mimi!

Jumatatu, 12 Septemba
Miguu siisikii. Pastory kaja kunieleza posa imekubaliwa, ndoa Novemba, kanisani Bunda. Eti nimpigie hesabu gari la bwana harusi litoke Musoma saa ngapi. Ananiamini kuliko ndugu zake.

Nikalia kidogo. Halafu nikachukua kalamu. Atachelewa, padri atachoka kusubiri, na mimi nitakuwa nimeshakaa benchi la mbele, nimevaa suti.