Ombi la Kuhamishia Samaki Wetu Ofisini kwa Senhor Amisse

Mucojo, Jumatatu asubuhi

Kwako Senhor Director wa Mradi wa Barafu, Pemba,

Asalaam aleikum. Tunakuombea afya wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni Rukaya Chaquir, katibu wa wanawake wauza samaki wa Mucojo. Wenzangu wamenituma nikuletee malalamiko yetu, na mwishoni ombi dogo.

1. Mwezi uliopita mlituletea kisanduku kipya cha kuongoza mashine za kiwanda cha barafu. Kwenye kile cha zamani kila waya ulikuwa na tundu lake, na jina lake limeandikwa kwa rangi. Fundi wenu Suzete alitueleza: "Hiki, mamã, hakihitaji kuambiwa. Umeme ukirudi kinaita chenyewe, nani yupo? Mashine inayoitika kwanza inapewa porta ya kwanza, inayofuata ya pili." Porta ni mlango. Mlango wa kwanza ni wa chumba cha barafu, na amri yake ni kugandisha. Wa pili ni wa ofisi ya meneja, na amri yake ni ubaridi mwanana wa digrii ishirini na nne. Tukauliza, je, ya ofisi ikitangulia kuitika? Suzete akasema hilo ni nadra.

2. Umeme wa kwetu, Senhor Director, si mkazi, ni mgeni. Uliporudi Jumanne, mashine ya ofisi iliitika kwanza. Nayo si dhaifu: ilinunuliwa siku moja na ya chumba cha barafu, ukubwa ule ule, kwa kuwa mradi uliona samaki wa wanawake arobaini na meneja mmoja wana haja sawa ya baridi. Ofisi ikaganda, na hadi leo ingali imeganda. Meneja wetu, Senhor Amisse, alitoka amevaa koti, meno yanagongana. Chumba cha barafu kikapata ubaridi mwanana, na samaki wetu aina ya changu, makreti kumi na moja, wakaoza kwa starehe.

3. Tulimpelekea Senhor Amisse kreti moja anuse mwenyewe. Mama Atija, mjane, ambaye makreti manne yalikuwa yake, alilia. Senhor Amisse akatuonyesha ripoti: "Mlango wa kwanza, chumba cha barafu, digrii nne chini ya sifuri. Hali nzuri." Akasema, "Mama zangu, karatasi hii imeshafika Pemba, na Pemba wamefurahi." Atija akamjibu, "Basi Pemba waile." Naliandika hili kwa kumbukumbu tu, si adabu yetu.

4. Tuliporudi hapa kutoka ukimbizini tulidaiwa bilhete, yaani kitambulisho, picha na mashahidi wawili, ndipo tuaminiwe kuwa ni wenyeji wa mahali tulipozaliwa. Kisanduku chenu kinaiamini mashine kwa kuitika tu. Hatuna wivu.

5. Kwa kuwa karatasi yenu inasema ofisi ndiyo chumba cha barafu, nasi hatubishani na karatasi, tunaomba samaki wetu wakae ofisini na Senhor Amisse ahamie chumba cha barafu. Kina sakafu safi. Harufu ataizoea, sisi tumeizoea. Ili kuwaokolea muda tumeshaanza: makreti tisa ya samaki wapya yako juu ya meza yake, na pweza wako katika kabati la mafaili.

Wasalimie wakuu wote wa mradi, na wale wanaowapikia kwenye mikutano yenu, na Suzete, ambaye tuna hamu naye sana.

Ni mimi, ninayetaraji jibu kabla ya harufu kufika Pemba,

Rukaya Chaquir, kwa niaba ya wenzangu

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, barua hii nimeiacha mlangoni pa ofisi, umeme ulikatika na kurudi. Safari hii mashine ya chumba cha barafu ndiyo iliyoitika kwanza. Chumba kinaganda vizuri sana, na hakina kitu. Ofisi ina digrii ishirini na nne na samaki wetu wote. Tulikimbia kuwatoa, tukamkuta Senhor Amisse amekwisha kuisoma barua hii, ameifunga ofisi kwa kufuli, na ametia mhuri juu ya ombi letu: Deferido, limekubaliwa. Kwa hiyo tunalifuta ombi. Senhor Amisse anasema kulifuta nako kunataka barua, na jibu la Pemba huchukua siku thelathini.