Picha Safi ya Fahali wa Mzee Roble

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimeacha duka la shemeji, hapa Kitengela. Dada yangu Phylis amesema, kwa utulivu wa kutisha, kwamba nisipopata kazi ya picha kufikia Jumamosi nitarudi nyuma ya kaunta kupima misumari.

Sirudi! Mzee Roble, anayeuza mifugo Bisil, anatafuta mtu wa kupiga picha za ng'ombe wake, awatumie wanunuzi kwa simu kabla ya Idd. Nimetazama mafunzo ya wanaoanza hadi bando likaisha. Kanuni nimezikariri. Piga kutoka chini. Lenga jicho. Ondoa kila kinachovuruga picha.

Jumanne, 13 Mei
Bisil. Mzee Roble ametujaribu wawili, mimi na Nzisa, yule dada wa picha za pasipoti. Fahali mmoja mweupe. Picha itakayoleta mnunuzi ndiyo inayopata kazi. Nzisa amekuja na simu iliyopasuka kioo. Nimemhurumia.

Nikalala kifudifudi kwenye samadi. Saning'o, mchungaji wa ng'ombe hao, akauliza kama nimeanguka. Nikamweleza kwamba kutoka chini mnyama huonekana mkuu. Akasema kutoka hapo nitaiona pia kwato yake vizuri, ikija.

Nzisa alipiga ubavuni mara moja, Saning'o kasimama kando na fimbo. Fimbo ndani ya picha! Kisha akaenda kunywa chai.

Jumatano, 14 Mei
Siku ya kusafisha. Picha yangu ni ya ajabu. Kasoro ni mbili tu: kovu la chapa ya moto pajani, na sikio lililokatwa kipande. Vyote vinavuruga. Nimefuta chapa kwa kidole. Sikio nimelijaza. Fahali ametakata kama bwana harusi. Nimetuma.

Alhamisi, 15 Mei
Mzee Roble amepiga simu alfajiri. Nilikuwa nimeandaa shukrani.

Wanunuzi wanauliza kwa nini fahali mzima hana chapa wala alama sikioni. Wanasema ng'ombe wa namna hiyo ni wa wizi. Wazee wawili wa Ewuaso Kedong, waliopotelewa na fahali mweupe, wako njiani kuja kumkagua.

"Musau," akasema, "huyu nimemlea tangu ndama. Leo naulizwa nilimtoa wapi."

Nikamweleza kuhusu usafi wa picha. Akakata simu. Nadhani imemwingia.

Ijumaa, 16 Mei
Sikati tamaa. Suluhisho ni rahisi: kuirudisha chapa. Nimeichora upya pajani. Sikukumbuka kama ilikuwa msalaba au duara. Duara linapendeza zaidi. Nimewatumia wote, wanunuzi na wale wazee pia.

Jumamosi, 17 Mei
Ilikuwa msalaba.

Duara ni chapa ya wale wazee wa Ewuaso Kedong. Saning'o amenisimulia. Walikuwa wamemkagua fahali, wameona msalaba, wameridhika, wanaaga. Ndipo picha yangu ikaingia kwenye simu zao. Wakaketi tena. Wakasema basi duara lilikuwapo, na msalaba umechomwa juu yake.

Nzisa ndiye aliyemaliza ubishi. Akatoa picha yake ya Jumanne: msalaba mkavu, kovu la miaka, sikio na mkato wake, na fimbo ya Saning'o ikionyesha kimo. Wazee wakacheka. Mmoja akamnunua fahali palepale.

Mzee Roble amempa Nzisa kazi. Mimi ameniambia, "Nenda salama, kijana wangu. Na hiyo simu uende nayo."

Jumatatu, 19 Mei
Dukani. Phylis alininyooshea tu dastikoti, lile koti la kazi.

Hata hivyo shemeji anataka picha za bidhaa awatumie mafundi. Nafasi imejileta yenyewe! Nimelala sakafuni. Nimelenga kichwa cha msumari, mwili wote nikaufifiza. Kando palikuwa na kibandiko chenye inchi. Kimevuruga, nimekifuta.

Fundi mmoja ameuliza kama huo ni msumari wa inchi mbili au sita.

Watu hawana jicho. Kesho naanza kuwafundisha wanaoanza.