Springi Nyekundu za Mama Gwantwa

Asubuhi ile Lucky Simkonda alikuwa amelala chini ya gari lisilo na tatizo lolote. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni, na ilikuwa lazima aione miguu ya fundi ikitikisika kidogo ili aamini kwamba kazi ni ngumu. Lucky aliitikisa kwa ustadi. Ni kutokea huko chini alipoviona viatu vya kanisani vya mwanamke mtu mzima, na nyuma ya viatu hivyo tairi za Toyota Premio ya rangi ya fedha, safi kama sahani ya mgeni.

"Hodi hapa," ilisema sauti ya upole. "Namtafuta fundi anayelaza magari."

Lucky alichomoka chini ya gari kama aliyeitwa kwa jina na malaika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe?"

"Ndiye mimi. Tunduma nzima na Nakonde ng'ambo ya mpaka wananijua."

Hilo lilikuwa kweli, ila hakueleza wanamjuaje. Vijana wenye magari madogo walikuwa wakimletea awashushie, gari likae chini karibu na lami lionekane la kisasa. Lucky aliwauzia springi fupi za Japani. Gari lilipandishwa jeki, springi zake zikatolewa, na Lucky akaenda nazo nyuma ya ukuta "kuleta mpya". Nyuma ya ukuta kulikuwa na grenda na kopo la rangi. Alizikata springi zilezile, akazipaka nyekundu, akazianika juani, akanywa soda, akarudi nazo. Rangi nyekundu, kwa maelezo yake, ndiyo alama ya Japani.

"Lakini mama," alisema akiitazama Premio, "gari zuri hivi la heshima, kulilaza kwa nini?"

"Magoti, baba. Mimi mtu wa Isongole, nimepanda milima tangu utoto, sasa magoti yamegoma. Kupanda gari ni kama kurudi kwetu kwa miguu. Nikasema, kama mimi siwezi kupanda, basi gari lishuke."

Jina lake lilikuwa Mama Gwantwa, mjane, mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza. Lucky alimtazama, akalitazama gari, na moyo wake ukafanya jambo ambalo mioyo ya matapeli haipaswi kufanya: ukapenda. Haukumpenda mama. Ulilipenda gari. Miaka yote aliyotengeneza magari ya watu, Lucky alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa na jeki, alikuwa na spana, alikuwa hata na kadi zilizoandikwa "Mkurugenzi", ila gari hakuwa nalo, na lilikuwa jambo lililomuuma kila jioni.

Mpango ukaja wenyewe. Kuna wezi wanaovunja kioo na kukimbia na gari. Lucky aliwahurumia watu wa namna hiyo. Aliona wamekosa malezi. Yeye angezikata springi za Premio kupita kiasi. Mama angegonga kila tuta la Tunduma kwa kiuno. Baada ya wiki chache angelichukia gari, na nani angejitokeza, kwa huruma tu, kulichukua kwa bei ya kutupa? Fundi wake. Na kazi ya kulichukiza angelipwa pia.

"Bamayo," alisema, akitumia neno la heshima la Wazambia, ambalo lilikuwa likifungua pochi pande zote mbili za mpaka, "nitakulazia gari mpaka utalivaa kama kandambili."

"Ndaga, mwanangu," alishukuru Mama Gwantwa kwa lugha ya kwao. "Mungu akuone."

Jioni Premio ilitoka gereji imelala chini kama kuku anayeatamia.

Hapa lazima jambo moja lieleweke. Kwingine gari lililokaa chini ni mapambo. Kwa watu wa mpakani ni ushahidi. Gari likiinamisha mgongo, limebeba, na likiwa limebeba ni sukari ya magendo kutoka ng'ambo, hata kama kwenye usukani yuko mchungaji. Kwa hiyo siku ya kwanza tu Mama Gwantwa aliposhika barabara ya Vwawa kwenda kumwona ndugu yake Mlowo, alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Aliyemsimamisha alikuwa afande Jofrey, mwanaume mnene mwenye macho ya kupima mzigo kwa mbali. Alifungua buti. Aliinua mkeka. Aligonga milango. Akakuta kitabu cha nyimbo na mwavuli.

Kesho yake hivyohivyo. Wiki ile nzima hivyohivyo, na mwavuli uleule. Mwishowe Mama Gwantwa akaja gereji.

"Lucky, mwanangu, njoo uzungumze na huyu afande. Ananichakura kama kuku kwenye jalala."

Lucky alikwenda. Ni lazima tumpe haki yake: siku hiyo alizungumza kama mtu aliyesomea. Alimwinamisha Jofrey mwenyewe chini ya gari, akamwonyesha ile rangi nyekundu.

"Afande, hii ni michezo ya springi. Gari hili haliinuki hata ukiliombea. Likiwa tupu liko hivi, likiwa na watu liko hivi. Ukiliona limelala, ujue limelala tu, halijabeba."

"Za Japani?" Jofrey aliuliza, na sauti yake ilikuwa na kitu kinachofanana na njaa. Yeye naye alikuwa na Corolla nyumbani.

"Huoni nyekundu?"

Tangu hapo Jofrey hakufungua tena buti. Alipoiona Premio inakuja ikikwaruza tumbo, alipunga mkono na kusema, "Ile ya mama wa kwaya, iacheni."

Lucky alisubiri mama achoke. Haikuchukua muda.

"Mwanangu," alisema siku moja, akijishika kiuno, "hili gari limenishinda. Nafikiri nitaliuza."

Lucky aliangalia pembeni ili furaha isimtoke usoni. "Pole, bamayo. Nani atalinunua, hali ilivyo? Labda mimi, kukusaidia tu."

"Ningependa wewe. Lakini ni gari la marehemu, siwezi kulitoa kwa mtu nisiyejua anaendeshaje. Uniendeshe Jumamosi kadhaa kwenda Mlowo. Nikiona unalipenda, tutaongea bei ya mtoto na mama."

Ndipo ulipoanza msimu wa furaha ya Lucky Simkonda. Kila Jumamosi alifika kwa Mama Gwantwa amepiga pasi mpaka soksi. Gari alilikuta uani tayari limelala, mama tayari ameketi kiti cha nyuma, buti tayari limefungwa. "Kuna sare za kwaya humo," alisema mama, "usizikunje." Lucky hakuwa na haja na sare. Alikuwa na usukani.

Na kwa kuwa lilikuwa karibu kuwa lake, alianza kulipenda kwa vitendo. Wiki ya kwanza alijaza mafuta, kwa sababu mtu hawezi kuacha gari lake likae na njaa. Wiki iliyofuata alinunua tairi mpya. Kisha rimu za kung'aa, kisha redio yenye spika nne, kisha honi iliyolia kama tarumbeta ya harusi. Mama alishukuru kila kitu kwa sauti ya kwanza.

Kuna mambo mawili aliyoyaona na kuyapita. La kwanza, gari lilikuwa limekuwa laini ajabu. Matuta yaliyokuwa yakipasua mgongo sasa yalipita kama mto wa sufi. "Springi zangu zimekubaliana na gari," alijiambia, na akajisifu kimoyomoyo. La pili, Mama Gwantwa alikuwa amerefuka. Siku za mwanzo, kwenye kioo, kilemba chake kilionekana katikati ya dirisha. Sasa kilikuwa kinagusa dari. Lucky alilifikiria jambo hilo hadi karibu na Vwawa, akahitimisha kwamba gari likishuka abiria hupanda, ni fizikia, na akaongeza sauti ya redio.

Kizuizini alipiga honi. Jofrey alipunga mkono.

"Bado zimeshika, Lucky?"

"Zinazidi kushika, afande."

Mlowo walifikia kwa Osea, ndugu yake Mama Gwantwa, mwenye ua mkubwa na geti la bati. Kila mara Lucky alipelekwa sebuleni kunywa chai na maandazi, na kila mara chai ilikuwa nyingi. Alipotoka alikuta gari limepakiwa magunia ya viazi ya kurudi nayo, liko chini vilevile. Mpaka Jumamosi moja alipokumbuka, andazi likiwa mdomoni, kwamba hajazifuta rimu vumbi. Akachukua kitambaa, akatoka uani.

Kiti cha nyuma cha Premio kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Chini ya kitambaa chake hapakuwa na sponji. Palikuwa na mifuko ya sukari, na Osea alikuwa akiitoa mmoja mmoja. Buti lilikuwa wazi. Sare za kwaya zilikuwa zimetundikwa kwa heshima kwenye kamba, na mahali zilipotoka palikuwa na sukari tena.

Lakini si sukari iliyomgandisha Lucky pale mlangoni. Ilikuwa ni gari. Kila mfuko uliposhuka, gari lilipanda. Lilipanda taratibu, bila aibu, kama mtu anayeinuka baada ya sala ndefu, mpaka mfuko wa mwisho ulipotoka na Premio ikasimama wima mbele yake, ndefu, yenye afya, ikimtazama kwa taa zote mbili.

"Limeinuka," alisema Lucky.

"Limepumzika," alisema Mama Gwantwa. "Kaa, mwanangu. Umetoka kabla ya chai ya pili."

"Springi zangu ziko wapi?"

"Nilizitoa zamani. Zilikuwa zinaniua mgongo. Osea alinifungia nyingine, nzito, mpya. Zako nimekutunzia." Akamletea mfuko wa salfeti. Ndani yake zilikuwa springi nne zilizokatwa, nyekundu, zimefungwa kwenye gazeti kama samaki.

Lucky alivuta pumzi ya mtu aliyeonewa. "Mama, umenidanganya. Mimi nilikuja kwako na moyo safi."

Osea alicheka mpaka akaegemea geti.

"Mwanangu," mama alisema kwa upole uleule wa siku ya kwanza, "nilikuwa natafuta mtu wa kunilazia gari hili, afande alipekue likiwa tupu mpaka alichoke. Nilizunguka kwa mafundi wote waaminifu. Wote walikataa. Walisema litaniumiza, litaharibu tairi, niende zangu nyumbani. Nikakata tamaa kabisa. Ndipo watu wakaniambia yupo Lucky."

"Na bei ya mtoto na mama?"

"Ipo. Siku nikichoka, gari ni lako."

"Utachoka lini?"

Mama Gwantwa aliwaza kwa uaminifu. "Sijawahi kuchoka," alisema. "Lakini Jumamosi ijayo utalipwa kama dereva. Una mdomo mzuri, Lucky. Ni dhambi kuutupa."

Lucky aliubeba mfuko wake begani, akasema kwamba yeye si mtu wa kuchezewa, akaondoka kwa miguu. Nyuma yake Osea aliipiga ile honi ya harusi kuijaribu.

Alikuwa amesimama barabarani Mlowo akisubiri usafiri, salfeti miguuni, wakati Corolla nyeupe iliposimama mbele yake. Ndani alikuwa afande Jofrey, nguo za nyumbani, anatoka msibani.

"Lucky. Panda, naelekea Tunduma. Gari la mama liko wapi?"

"Amelala nalo. Yaani, amelala huku kwa ndugu yake."

"Na hicho ni nini?" Lucky alikuwa hajamaliza kupanda na mfuko wake, Jofrey alikuwa ameshaufungua. Rangi nyekundu ikamulika uso wake. Macho yake yakawa ya mtoto sikukuu.

Kwa mara ya kwanza maishani Lucky alitaka kusema kweli. Aliuhisi ukweli ukipanda kooni, mpya na wa ajabu. Lakini akisema kwamba hizi ndizo zilizolilaza gari la mama, Jofrey angeuliza kitu kidogo sana: na sasa linalazwa na nini? Na cha pili: na aliyekuwa kwenye usukani Jumamosi zote hizo alikuwa nani?

"Za Japani," alisema kwa huzuni. "Ni seti nyingine."

"Nilijua unanificha. Hizi ni zangu."

"Afande, usifunge hizi." Lucky alimshika mkono, na huo ulikuwa ukweli wote aliomudu. "Nakuomba kama kaka yangu. Zitakuumiza kiuno. Utagonga kila tuta. Na utasimamishwa kila kizuizi."

"Nani," aliuliza Jofrey akiondoa gari, "atanisimamisha mimi?"

Jumamosi iliyofuata, kizuizini hapakuwa na afande Jofrey, alikuwa mapumziko. Palikuwa na askari mgeni, aliyehamia wiki ile, kijana mwenye bidii na nia njema kwa nchi yake. Aliona Corolla nyeupe imelala chini kama inayotambaa. Akanyanyua mkono. Aliyekuwa kwenye usukani alieleza yeye ni nani. Kijana alimwambia kwa heshima kwamba wote husema hivyo, na akaomba buti lifunguliwe. Mkeka ulikuwa umeshatolewa, na spea tairi iko lamini, wakati Premio ya rangi ya fedha ilipofika nyuma yao, nayo tumbo chini, rimu zikimetameta.

Kijana aliigeukia.

"Hiyo iache," alisema afande Jofrey kwa uchovu, akiwa ameinama na nusu ya mwili wake ndani ya buti lake mwenyewe. "Hiyo ni ya mama wa kwaya. Ni springi tu."

Kwenye kiti cha nyuma Mama Gwantwa alikuwa akiimba, kilemba kikigusa dari. Kwenye usukani, soksi zimepigwa pasi, Lucky Simkonda alipiga honi ya harusi mara moja, taratibu, na kupita na gari ambalo lingekuwa lake siku yoyote mama atakapochoka.