Mabalozi Wawili na Goti Langu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima bendera za mezani asubuhi nzima. Ile ya wakubwa waliotujengea barabara imeizidi ile ya wakubwa waliotupa kompyuta kwa nusu inchi! Nikapunguza mlingoti kwa kisu. Sasa ya Kompyuta ikawa ndefu. Nikapunguza tena. Zimebaki fupi kama vijiti vya meno, lakini zinalingana. Ndiyo kazi yangu, afisa wa itifaki: wakubwa wawili wasiopikika chungu kimoja wakae meza moja, na asiwepo wa kujiona mdogo. Hotuba ya Waziri ya mkutano wa Jumatatu ijayo nayo nimeihesabu. Maneno kumi na tisa ya kuwasifu Barabara, kumi na tisa ya kuwasifu Kompyuta. Mkurugenzi amefuta methali ya tembo na nyasi. Mwaka jana mabalozi wote wawili waliuliza ni nani hasa aliyeitwa tembo.

Saa sita akaja shemeji, fundi wetu wa kompyuta, mume wa mdogo wangu. Uso umemshuka. Anasema kuna wadukuzi ndani ya kompyuta za wizara, wanasoma barua zetu zote, na si wahuni wa mtaani, ni kazi ya serikali ya nje. Wameingia kwa barua pepe yenye kiambatisho kinachoitwa "Orodha ya Wasafiri". Akauliza kama kuna mtu wa ofisi yangu aliyekifungua. Nikasema sisi watu wa itifaki hatufungui vitu ovyo.

Nilikifungua. Mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza na ya pili hakikufunguka. Mtu ambaye miaka kumi na moja hajapangiwa safari hata moja angefanyaje?

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha dharura. Kila mtu anajua ni mmoja wa wale wakubwa wawili. Hakuna anayetaka kujua ni yupi. Tukiwataja Barabara, barabara itaishia porini. Tukiwataja Kompyuta, watakuja kubeba kompyuta zao. Waziri akaamua kwamba udukuzi umetokea, ila hakuna taifa lililoufanya. Hata hivyo lazima apatikane wa kulaumiwa, na awe wa humu humu, mtu asiye na ubalozi. Kamati imeundwa. Mwenyekiti ni Tai, mwenzangu anayevaa tai hata Jumamosi. Huyo ameshasafiri mara nne, na mara zote nne mkoba nimembebea mimi hadi uwanja wa ndege!

Lakini nimepata wazo! Kama wanasoma, basi waandikiwe. Nimetunga barua ya siri, sikumtumia mtu, nimeiacha kwenye rasimu za barua pepe yangu. Inasema afisa wa itifaki ndiye nguzo ya wizara, Waziri hanywi maji bila kumwuliza, na nchi yoyote itakayomwalika haitajuta. Nikaongeza kwamba ana goti bovu, hivyo kwenye ndege apewe kiti cha mbele. Mwishoni, kwa ajili ya ukweli tu, nikataja kwamba Tai hukoroma vikaoni.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna mwaliko. Labda wanasoma polepole.

Shemeji amenijia tena. Je, nakumbuka lile tangazo lake la Januari, la kuonya watu wasifungue viambatisho vya watu wasiowajua? Alinipa nakala thelathini nizisambaze. Nikamwambia nilizisambaza. Kusema kweli zimekunjwa chini ya mguu wa meza kubwa ya mikutano, iliyokuwa inainamia upande wa Barabara. Tangu hapo imenyooka kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Chai ya maandalizi na mabalozi. Balozi wa Barabara amenisalimia kwa jina, akaniuliza hali ya goti! Goti hilo hata mke wangu halijui, maana haliumi. Ni wao basi! Nilikaribia kumkumbatia.

Sijamaliza kikombe, akaja balozi wa Kompyuta. Pole na goti, akasema.

Wote wawili! Wote wanatusoma! Nchi nzima ni mimi peke yangu ninayelijua hili, na siwezi kulisema, kwa sababu swali litakalofuata ni nimejuaje. Halafu Tai akapita akiwa amenuna. Inaonekana kuna balozi aliyemuuliza kama siku hizi analala vizuri. Hilo limenifurahisha mno. Nalijutia sasa, lakini limenifurahisha.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji ameachishwa kazi.

Kamati ilikaa kwenye ile meza kubwa. Tai akamuuliza aliwaonyaje wafanyakazi. Akajibu alitoa tangazo, nakala thelathini, akanikabidhi mimi. Wote wakanigeukia. Nakala zilikuwa pale pale, hatua moja kutoka kiatu changu. Ilikuwa kuinama tu. Nikasema sikumbuki. Basi. Mtu ninayehesabu maneno ya hotuba za mawaziri nilihitaji moja tu kumwangusha shemeji yangu. Alinitazama, kisha akaitazama mikono yake. Hakubisha. Wameandika "uzembe wa fundi". Mabalozi wote wawili wametuma salamu za kusifu umakini wa kamati.

Sikula. Mke wangu ameniuliza nina nini. Nimemwambia ni goti.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu amekuja. Nilijiandaa kwa matusi, sikupata hata moja. Afadhali angetukana. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, nyumbani kwa kaka yake mwenyewe.

"Kaka, anasema ubadilishe neno lako la siri," akaniambia. "Anasema mtoto mdogo anaweza kulikisia."

Neno lenyewe ni mkurugenzi1.

Kumbe mumewe alijua tangu Jumatatu. Rekodi zilionyesha kompyuta iliyofungua kile kiambatisho, na saa, na kwamba ni mara tatu. Karatasi ya rekodi hizo ilikuwa mfukoni mwake mbele ya kamati. Hakuitoa. Alisema hawezi kumwaibisha kaka wa mke wake mbele ya Tai, na kwamba mwenyewe ningesema.

"Na mimi nilimwambia utasema," mdogo wangu akasema. Maji niliyompa hakuyagusa.

Najuta. Nilimwombea kazi ile mimi mwenyewe, nikajisifu kwa watu wote kwamba nimeiinua familia. Mtoto wao wa kwanza amepewa jina langu.

Jumapili, 9 Machi

Nimelia. Halafu nimekwenda ofisini, Jumapili, mlinzi akadhani nimechanganya siku. Nimemwandikia Mkurugenzi barua ya kukiri kila kitu: kiambatisho, nakala za chini ya meza, neno "sikumbuki", mabalozi na goti. Kurasa mbili. Sikuhesabu maneno. Miaka mingi sijajisikia mwepesi hivi. Nimeiacha kwenye rasimu. Nitaituma kesho mkutano ukiisha, ili nisivuruge bendera.

Neno la siri nimebadilisha. Sasa ni mkurugenzi2.

Jumatatu, 10 Machi

Balozi wa Barabara amenivuta kando kabla ya mkutano. Akasema dhamiri safi ni jambo zuri, ila ukweli hauozi, unaweza kusubiri. Dakika mbili baadaye balozi wa Kompyuta naye akanivuta kando, akasema hayo hayo. Miaka yote hii sijawahi kuwaona wakikubaliana jambo! Wote wakanitakia goti lipone.

Mkutano umefana. Meza haikuyumba hata kidogo. Niliitazama miguu yake muda wote wa hotuba, sikusikia sifa za mtu yeyote.

Wameondoka, nimekaa kutuma barua. Kweli kabisa. Nilishaifungua, nilishamwona akilini mdogo wangu akicheka tena. Ndipo ikaingia barua pepe mpya, mtumaji simjui: "Orodha ya Mwisho ya Wasafiri".

Nitatuma ile nikishaiona hii. Nimelifikiria vizuri. Kama jina langu limo, nitamtetea shemeji nikiwa mtu aliyesafiri, na mtu aliyesafiri husikilizwa.

Haijafunguka. Nimebofya tena. Haijafunguka. Sijui hizi kompyuta zina nini, na fundi hatuna.